Kanali Kapata Thelathini na Nane

Kambini, mahali siruhusiwi kupataja
6 Novemba 2023

Shangazi Sekela,

Shikamoo. Mie mzima, ukiacha kidole gumba nilichokibana kwenye droo ya ramani. Miguu yako inaendeleaje? Na baba mdogo Adelard, ile nyumba yake ya Mbweni imeshapata dari au bado anahesabu popo? Nisalimie Bi Somoe jirani yetu, na bata wake pia, ingawa walinifukuzaga mpaka barabarani.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zetu zimefungiwa kwenye sanduku mpaka zoezi liishe, mwezi wa tano huko. Na kila barua inasomwa kwanza na ofisa, Luteni Rogers, ndipo itoke. Kwa hiyo tafadhali usiandike habari za tumbo langu.

Mie ni karani wa ramani kwenye chumba cha mipango. Tuko askari wa nchi tatu. Nilijua tutapanga vita. Siku ya kwanza Kanali Leonardi kasimama mbele ya ramani, kagonga fimbo, kasema, "Adui yetu ni mvua." Meja mmoja wa nchi jirani akanyoosha mkono: "Silaha zake, afande?" Kanali akajibu, "Maji." Nilijiuma shavu nisicheke.

Lakini kumbe ndiyo kazi yenyewe siku hizi. Barabara ilikatika msimu uliopita, wenzetu wa mpakani wakakaa siku kumi na sita bila unga. Ukame ukija, wafugaji wanavuka mpaka na ng'ombe, wanapigania kisima, sie tunaitwa kuamua. Mafuriko yakija, helikopta ya doria inabeba magodoro, na doria inafanywa na nani? Hakuna. Ndiyo maana tunapanga mapema, kila mahali na mpango wake.

Chakula kizuri. Asubuhi uji na korosho, mchana wali na korosho, jioni korosho bila kitu.

Sasa Shangazi, kuna insha naandika, ya kwangu tu, haihusiani na kazi. Mto ukijaa hapo Tabata bondeni, watu wanakimbiliaga wapi? Na wanatoka saa ngapi? Ni insha tu.

Mwanao,
Koplo Tusajigwe


Tabata
27 Novemba 2023

Mwanangu Tusajigwe,

Marahaba. Miguu ipo, inalalamika lakini inakwenda. Adelard amepata dari upande mmoja. Popo wamehamia upande wa pili. Bi Somoe anakusalimu. Bata wamekuwa tisa.

Barua yako nakurudishia humu ndani ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. "Mie" na "sie" ni maneno ya kibarazani, hayaandikwi na mtu niliyemlea kwa mikono yangu na kumfundisha jiografia kwa miaka mitatu. Na hapo mnapokatazwa kupataja ni Mtwara. Mtu anayekula korosho mara tatu kwa siku hawezi kuwa Bukoba.

Kuhusu hiyo insha ambayo haihusiani na kazi. Mvua ikipiga saa tatu mfululizo, mjumbe anapita na filimbi. Watu wakisikia filimbi wanatoka nje, wanamtazama mjumbe, wanarudi ndani kufunga milango. Hawaendi kokote. Maji yakifika magotini ndipo wanapanda juu kule kanisani, au msikitini, panapokuwa karibu. Bi Somoe hatoki bila bata wake wote, na bata huwezi kuwaharakisha. Nimemwambia mara mia moja kwamba huo si uungwana, kuhatarisha maisha kwa ajili ya kuku wa majini.

Mimi ndiye wa kwanza kutoka siku zote. Nabeba begi langu la vyeti, nafunga mlango, naondoka, ili niwe mfano.

Msalimie kijana anayesoma barua hizi. Mwambie asisome kwenye mwanga hafifu, ataharibu macho.

Shangazi yako,
Mwl. Sekela


Kambini
18 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Krismasi nikitanguliza. Mimi (umeona?) sijambo. Tunakula uji na ■■■■■■■.

Insha yangu imepata tatizo. Kwenye insha, watu wa bondeni wakisikia king'ora wanatakiwa kukusanyika ■■■■■■■■ ■■■ ■■■■■■■■ ■■■ ■■■■■■, na helikopta inatua hapohapo. Kwenye ramani panapendeza, pana rangi ya kijani, lakini wewe unasema watu hupanda kanisani. Mwenye insha amekwishasaini. Ni mtu mzuri lakini habadilishwi. Juzi Sajini Praygod, mkuu wangu wa hapa chumbani, alimwambia kwamba amekosea kuandika "Aprili", akapelekwa kuhesabu vigingi vya mahema. Vilikuwa mia nane na arobaini, na alipomaliza akaambiwa avihesabu tena kutokea upande wa pili.

Kwa hiyo mie nimenyamaza. Kwani lazima niseme mimi?

Tusajigwe

NB: Mwalimu, salamu zako nimezipata. Kwa mujibu wa taratibu sikutakiwa kuzipata. Taa nimebadilisha. Lt. Rogers.


Mbweni, kwa Adelard
9 Januari 2024

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Unaona anuani. Nimekuja kumtembelea baba mdogo wa popo kwa siku mbili tatu, hewa ya huku nzuri. Barua zako zilete huku kwa muda. Mke wa Adelard amenipa kanga zake za kuvaa na mswaki mpya, basi tu, ni ukarimu wake.

Nimesoma ulipofutwa. Mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto sabini kila jioni hashindwi na wino mweusi. Nimeinamisha karatasi dirishani na alama za kalamu yako zikajionyesha zenyewe. Kiwanja cha netiboli cha shule! Tusajigwe! Kiwanja kile ulikiacha ukiwa mtoto. Tangu watu wajaze kifusi ng'ambo ya pili kujenga, mto umehamia upande wetu. Kila masika sasa unapita katikati ya kiwanja kama una hati yake. Goli la kaskazini liliondoka na maji miaka mitano iliyopita, la kusini linatumiwa na mama mmoja kuanikia dagaa. Helikopta itatua juu ya nini, kambale?

Mtu mzima hawezi kunyamaza hapo. Kama wewe unaogopa, mimi nimestaafu, hakuna wa kunihesabisha vigingi. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Kanali wako. Nimechora mto ulipo leo, nimeandika kasoro zake kumi na moja, na nimempa alama thelathini na nane kwa mia, kwa sababu ya nia njema na mwandiko. Luteni Rogers, naomba umfikishie. Ukiifuta nitaiandika tena, nina muda mwingi.

Nyumba salama. Usiulize sana habari za nyumba.

Mwl. Sekela


Kambini
14 Februari 2024

Shangazi, shikamoo, na Mungu akusamehe.

Luteni Rogers alikaa na karatasi yako siku tatu chini ya mto wake wa kulalia. Siku ya nne ikawa hakuna haja ya kumwonyesha mtu, maana Kanali aliamua kuujaribu mpango.

Hapa jirani na kambi kuna kiwanja cha mpira kilicho bondeni, kinafanana na kile chetu. Wanakijiji sitini wakaombwa kuigiza waathirika. Kila mmoja akapewa kadi shingoni: huyu kavunjika mguu, huyu kapoteza mtoto, huyu marehemu. Mawingu yalikuwepo, Kanali akasema ndiyo vizuri, uhalisia. Ikanyesha, Shangazi. Malori mawili yakaingia kiwanjani kuwaokoa, yakazama mpaka kwenye taa. Hema la uongozi likang'oka na kuondoka na yule Meja wa nchi jirani akiwa ndani, kakumbatia nguzo, na alipopitishwa mbele ya Kanali akapiga saluti kwa mkono mmoja.

Waathirika walikuwa wamesimama kwenye tuta wanatutazama. Mwisho bibi mmoja anaitwa Demetria, ambaye kadi yake ilisema "Majeruhi namba saba, hawezi kutembea", akavua bandeji, akafunga kanga kiunoni, akasema, "Jamani, hawa watoto wa watu watakufa." Akawapanga wenzake kwenye kamba. Walituvuta mmoja mmoja. Mimi nilivutwa na marehemu namba mbili, akanipa na maji ya kunywa.

Asubuhi yake Kanali kaketi kajifunika blanketi, Luteni Rogers akampelekea karatasi yako. Aliisoma yote, mbele na nyuma. Akauliza, "Thelathini na nane kapewa nani, mimi au mpango?"

"Mpango, afande," akasema Rogers.

"Jina lililoandikwa juu ni langu."

Maofisa wa nchi tatu wakatazama dari. Halafu Kanali akauliza nani alipendekeza kile kiwanja cha netiboli.

Basi. Sajini Praygod, kwa kuwa ndiye mkuu wa chumba, sasa analinda tangi la maji, anasema upepo wa kule mzuri. Mimi nimeomba kusaidia jikoni kwa muda. Napenda kupika.

Siku zako mbili tatu za Mbweni mbona zimekuwa wiki tano?

Tusajigwe


Mbweni
6 Machi 2024

Tusajigwe,

Marahaba. Adelard ana mafua, mke wake mzima. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Wewe unapenda kupika? Wewe uliyeunguza sufuria ya maji ya chai ukiwa umesimama pembeni yake? Hebu tusitaniane. Kiwanja kile ulikipendekeza wewe. Ni nani mwingine kati ya askari wote wa nchi tatu angejua shule ile ina kiwanja cha netiboli? Na Sajini analinda tangi kwa ajili yako, nawe umejificha nyuma ya masufuria.

Nilikuwa nakwenda kukuandikia ukurasa mzima wa maneno makali. Nikafika katikati, kalamu ikagoma. Maana mimi nami nimekudanganya, na haifai mwizi kumfokea mwizi.

Sikuja Mbweni kutembea. Ukuta wa nyuma wa nyumba ulianguka Desemba ishirini, saa tisa mchana, na maji yakamalizia karibu yote yaliyobaki. Chumba chako hakipo. Kabati la marehemu babu yako lilionekana mara ya mwisho likielekea baharini, mlango wazi.

Na sikuwa wa kwanza kutoka. Sijawahi kuwa wa kwanza. Filimbi ilipopigwa nilikaa kitandani na begi la vyeti mapajani, maji yakapanda mpaka kwenye godoro. Bi Somoe alikuwa amekwishafika kanisani, yeye na bata wake tisa kwenye tenga. Alipohesabu watu akaona sipo, akarudi. Mwanamke wa miaka sitini na moja, mwenye goti bovu. Akasimama mlangoni maji yakiwa kiunoni, akasema, "Mwalimu, panda." Nikamwambia siwezi kuonekana mtaani nimebebwa mgongoni. Akasema, "Basi fumba macho, hutaonekana." Nilipanda. Nilifumba macho kweli, Tusa, mpaka kanisani.

Uliniuliza watu wanatoka saa ngapi, lakini swali ni kwa nini hawatoki. Nimefikiri sana. Hatuogopi maji, tunaogopa wezi. Safari iliyopita walipotoka wote, vijana wasiojulikana walipita na mtumbwi wakabeba televisheni, mitungi ya gesi, hata milango. Sasa kila mtu anasema bora nikae nichunge changu. Hilo mwambie Kanali wako. King'ora si kitu. Weka askari wawili mwanzo wa kila uchochoro, watu wawaone kwa macho yao, kisha uwaambie watoke. Watatoka. Na waruhusu wabebe bata.

Lakini kwanza mwambie lile jingine. Habari za ukuta nimeweza kukuandikia wewe, nawe unaweza kumwambia yeye.

Shangazi yako


Kambini
3 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimelia kidogo kwa ajili ya chumba changu, halafu nikacheka kwa ajili ya kabati, halafu wapishi wakaniuliza kama ni vitunguu.

Nilikwenda kwa Kanali jioni ileile, na mwiko mkononi, nilisahau kuuacha. Nikapiga saluti na mwiko. Nikamwambia kiwanja nilikipendekeza mimi na Sajini Praygod hana kosa.

Akanitazama sana. "Kwa nini kile?"

"Nilikumbuka kilivyokuwa, afande. Kilikuwa kikavu. Nilikuwa na miaka kumi."

Nilidhani ataniambia nikahesabu nyota. Akavua kofia, akaiweka mezani. "Koplo," akasema, "humu ndani wote tunapanga kwa mvua ya tulipokuwa na miaka kumi. Daraja la kwanza nililolijenga niliambiwa maji hayatalifikia kamwe. Sijui sasa liko wapi." Halafu akakumbuka yeye ni Kanali, akanipa wiki mbili za kuosha masufuria, na kuchora ramani upya kwa kufuata mto wako. Sajini amerudi ofisini. Siku tatu alichukua chakula kwa mpishi mwingine. Ya nne alinyoosha sahani akasema, "Ongeza maharage." Nimechukulia ni msamaha.

Ukurasa wako wa wezi Luteni Rogers aliusoma mbele ya maofisa wote. Ule wa mgongo wa Bi Somoe hakuusoma, aliukunja akanipa. Yule Meja alinakili kila neno, kwao watu hukaa kwa ajili ya mbuzi.

Tunahama. Siruhusiwi kusema kwenda wapi. Kanali anataka tuwe tumefika kabla barabara haijakatika, siyo baada. Ukiniona mahali popote, Shangazi, nakuomba usiniite Tusa mbele ya askari.

Koplo Tusajigwe


Mbweni
13 Mei 2024

Mwanangu,

Adelard amepona. Mke wake amezaa wazo la kufuga bata, namlaumu Bi Somoe, aliyekuja kutusalimia na mayai.

Uliyoyaona ukiwa juu ya lori unayajua. Mimi nakueleza ya chini.

Nilirudi Tabata tarehe ishirini na moja Aprili, nikapewa kazi na mjumbe ya kuorodhesha wazee. Mvua ilipoanza ile Alhamisi, askari walikuwa wamekwishasimama kwenye vichochoro tangu alfajiri, wawili wawili, makoti ya mvua. Watu wakatoka kuwatazama. Mzee mmoja akamuuliza askari mrefu mwenye miwani, "Utakaa hapa mpaka lini?" Akajibu, "Mpaka urudi, mzee." "Na kama nisiporudi leo?" "Nimekuja na kitabu." Basi mzee yule akafunga mlango, akamkabidhi ufunguo na akamwelekeza namna ya kulisha paka. Uchochoro mzima ukamfuata. Nilipompita yule askari aliniamkia shikamoo kwa jina langu, akaniambia macho yake yanaendelea vizuri. Luteni wetu ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Saa sita mchana bonde lilikuwa tupu. Watu mia tatu na kumi na wanne, nimewaandika mwenyewe kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyepungua. Maji yalifika saa nane. Kiwanja cha netiboli kikawa ziwa, na hapakuwa na mtu pale ila lile goli la dagaa.

Sasa la kwangu. Kabla ya hiyo saa sita nilishuka kuitazama nyumba. Ukuta mmoja bado umesimama, ule wenye mlango wa mbele. Nilisimama mlangoni hapo na mwavuli, nyuma yangu hakuna chumba, na nikashindwa kuondoka. Nilijua ni upumbavu. Nimeufundisha upumbavu huo kwenye somo la majanga, darasa la sita, ukurasa mzima. Miguu haikutaka.

Ndipo lori likasimama, nikasikia kipaza sauti: "Mama mwenye mwavuli, panda gari."

Nikasema, "Unajua unazungumza na nani?"

"Najua," ukasema, na kipaza sauti ukiwa hujakizima, mtaa wote wa juu ukasikia. "Panda gari, Shangazi."

Walicheka mpaka kule kanisani. Nami nikafunga mwavuli. Miaka ishirini na mitatu niliwaambia watoto waingie darasani wakaingia, sikuwahi kujiuliza inakuwaje kuambiwa. Nikapanda, macho wazi.

Ile nyumba siijengi tena. Nimemwambia mjumbe waweke miti.

Tuliposhushwa kanisani nilitaka kukushika mkono, ila lori lilikuwa limekwishageuza kichwa kurudi chini. Nilifungua mdomo kukuita. Nikaona pikipiki ya mama mmoja imekwama bondeni na watoto wawili juu yake, nikaufunga. Wewe ulikuwa umewaona kabla yangu.

Kwa hiyo lile neno naliandika hapa, kwa lugha ya nyumbani, sikusema pale kwa kuwa palikuwa na askari. Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana.

Sekela